Lami Ije Kasanje, Lakini Isimfukuze Mwenye Miguu

Watu wa Kampala hatutoki mjini bila sababu. Tunatoka kwenda kuzika, kuhudhuria kwanjula ya kutambulisha mchumba, kumwona mgonjwa, kula Krismasi kwa wazazi. Teksi inajaa, kreti za soda zinafungwa juu, tunapita Busega huku tumeinamia simu, tunafika, tunatimiza wajibu, tunarudi usiku. Nchi iliyo kati ya mji na msiba hatuijui. Mtu anaweza kukaa Nateete miaka na miaka asijue barabara inayokata pale kwenda Nakawuka inaishia wapi, ilhali chakula anachokula karibu kila siku, kuanzia matoke hadi samaki, kimepita humo humo.

Nina maombi mawili leo, na yote yanahusu barabara hiyo. La kwanza ni kwa wanandoa na wachumba: chagueni Jumamosi moja, pandeni pikipiki ndogo, mwende taratibu kupitia Nakawuka hadi Kasanje na ziwani Mabamba, kisha mrudi kwa kivuko cha Buwaya. La pili ni kwa wenye mamlaka ya barabara: lami itakapofika huko, mtembea kwa miguu apewe nafasi yake kabla gari halijapewa ya kwake. Nayaweka pamoja kwa sababu la pili limezaliwa na la kwanza. Aliyepita Kasanje ndani ya gari, vioo vimefungwa, hawezi kujua ni watu wangapi wanaoishi juu ya barabara ile.

Kwetu mwenye skuta ni mke wangu. Aliinunua kwa ajili ya kwenda kazini: injini yake ni cc 125, haina gia za kubadilisha, na mbele ina sehemu bapa ya kuweka miguu ambapo mwanamke aliyevaa sketi anakaa bila taabu na kichane cha ndizi kinatulia bila kufungwa. Anayeendesha ni yeye, mimi nakaa nyuma. Kwa familia nyingi za hapa mambo ni kinyume: baba mbele, mama nyuma, amekaa upande na vazi lake la gomesi, miguu yote miwili inaning'inia kushoto, mkono mmoja kwenye chuma cha kiti na mwingine umemkumbatia mtoto. Mkao huo una heshima machoni pa wakwe, lakini breki ikishikwa ghafla aliyekaa hivyo hana cha kumzuia. Nyanya zake mke wangu hata baiskeli hawakuruhusiwa. Buganda ya zamani iliona ni aibu mwanamke kutanua miguu juu ya chombo. Leo wasichana wanapita Wandegeya na skuta zao wakienda ofisini na hakuna anayegeuka.

Huko Nakawuka bado watu wanageuka, ila kwa wema. Wanawake waliokaa barazani wakimenya matoke wanainua vichwa: "Gyebale kuvuga, nnyabo!" Pole na kazi ya kuendesha, mama. Naye anapunguza mwendo, anaitikia salamu yote mpaka mwisho, kwa sababu salamu ya Kiganda haikatwi katikati. Nilikulia Tanga, ambako nako salamu ina hatua zake, lakini sikuwahi kuona salamu ikitolewa na kupokelewa na mtu aliye juu ya chombo cha moto. Inawezekana tu kwa sababu chombo kinakwenda kilomita 25 kwa saa. Ukifika 50, mtu wa barazani anakuwa rangi inayopita.

Niseme kwanza barabara yenyewe ilivyo, maana wengi wa mjini wakisikia barabara ya vumbi wanadhani ni kitu kimoja. Changarawe nyekundu iliyochongwa vizuri na greda ina mgongo: katikati imeinuka, pembeni imeshuka, maji ya mvua yanaingia mtaroni. Greda ikikosekana misimu miwili, mgongo unalala, maji yanakaa katikati, malori ya matofali na mchanga yanapita juu yake, mashimo yanazaliwa. Kiangazi magari yanatengeneza makunyanzi ya kuvuka barabara, yanayotikisa meno. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, udongo ule ule unageuka utelezi. Skuta ina magurudumu madogo, kwa hiyo dereva wake anasoma ardhi kuliko dereva wa gari: anatafuta ule ukanda mwembamba, upana wa kiganja, uliolainishwa na baiskeli. Ukanda huo huhama. Mara uko kushoto, mara unakatiza kwenda kulia kwa sababu kuna kivuli cha mfenesi na waendesha baiskeli wote wa kijiji wanapenda kupita chini yake. Mke wangu anaufuata bila kusema, nami nyuma nimejifunza kulegeza mwili na kuinama anakoinama.

Njia hizi si changa. Msafiri Mwingereza Speke alipoingia Buganda mwanzoni mwa 1862, akitokea kusini-magharibi na kuvuka Katonga, alishangazwa na barabara pana zilizofyekwa, zilizonyooka zikipanda vilima na kushuka mabondeni hadi kwa mfalme, Kabaka Mutesa. Hazikuwa na gurudumu hata moja. Zilikuwa za miguu, na ziliwekwa safi na watu walioitwa kwa ajili ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya manufaa ya nchi. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliichukua desturi hiyo ukaifanya sheria: machifu wakapewa uwezo wa kuwaita watu kutunza barabara, mtu asifanyishwe zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka. Hadi leo ufalme unaadhimisha siku ya bulungi bwansi kila Oktoba 8, na watu hutoka na majembe kuzibua mitaro. Nikipita Busiro, nchi ambayo makabaka wengi wamezikwa juu ya vilima vyake, nakumbuka kwamba barabara hizi zilijengwa na waliozitumia, kwa kipimo cha hatua zao.

Ukiondoka Nateete mapema, kabla jua halijapanda, mji unakuacha polepole. Wilaya ya Wakiso ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 3.4 katika sensa ya 2024, wengi kuliko wilaya nyingine yoyote Uganda, na unawaona: nyumba mpya zisizopigwa plasta, maduka ya simenti, mabango ya viwanja vinavyouzwa, na ukutani, kwa rangi nyekundu, onyo kwamba ardhi hii haiuzwi. Upande wa Buddo kuna kilima cha Naggalabi, ambako Kabaka Mutebi alitawazwa Julai 31, 1993. Baada ya Nakawuka mabango yanapungua na migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara. Kahawa imeanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba, mbuni zenye ganda ambazo hapa huitwa kiboko, na mzee anazigeuza kwa reki ya mbao. Robusta ni mti wa asili ya misitu ya Uganda, haikuletwa na meli. Ila vumbi la kila lori linatua juu ya turubai lile, na huyo mzee ana kila haki ya kuomba lami.

Nalisema hilo mapema ili nisieleweke vibaya. Kuna waandishi wa mjini wanaopenda vumbi la wenzao. Mimi silipendi. Mama mjamzito anayepelekwa kliniki na boda usiku wa mvua kwenye utelezi ule hana habari na uzuri wa udongo mwekundu. Mkulima wa nanasi akikwama siku mbili, nanasi linaanza kuchacha na dalali anataja bei anayotaka. Serikali imekuwa na mpango wa kuweka lami barabara ya Kisubi hadi Nakawuka na Nateete, na ile ya Nakawuka kupitia Kasanje hadi Mpigi, na watu wa huko wamengoja kwa muda mrefu. Hoja yangu ni aina ya barabara watakayopewa.

Kuna jambo jingine linalotokea juu ya skuta inayokwenda taratibu, nalo ndilo linalonifanya niwasihi wanandoa. Mnaweza kuzungumza. Kwenye boda ya mjini upepo na honi vinakula maneno. Ndani ya teksi mna abiria kumi na wanne wa kuwasikiliza. Nyumbani kuna watoto, televisheni, na uchovu. Juu ya skuta kidevu changu kiko karibu na sikio la mke wangu, hatutazamani, na barabara inatupa mahali pa kunyamaza bila mtu kuuliza "mbona kimya?" Kona ikija, neno linasubiri.

Katika njia ile ndipo tulipolimaliza suala la mama mkwe. Mama wa mke wangu amezeeka, anakaa peke yake, na nyumba yetu ina vyumba viwili. Kwa watu wengi suala hilo ni la nafasi na fedha, lakini kwa Waganda kuna pia obuko: mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawagusani, hawakai chumba kimoja, hawapishani mlangoni, anayevunja mwiko huo, wazee husema, atapatwa na kutetemeka viungo. Mimi si Mganda, lakini mama mkwe ni Mganda, na aibu yake ni ya kweli. Kwa miezi tulikuwa tukilianza suala hilo mezani na kuliacha, kwa sababu kila mmoja alisoma uso wa mwenzake akaogopa. Kati ya Nakawuka na Kasanje mke wangu alisema, akitazama barabara, kwamba anachoogopa si mila bali mama yake kufa peke yake. Nikamwambia tuongeze chumba uani chenye mlango wake, unaofungukia upande wa pili. Tukaenda kitambo bila kusema. Kisha akauliza bei ya mabati.

Siahidi kwamba kila safari itatatua jambo. Nasema mahali pa mazungumzo ya namna hiyo pamekuwa haba sana katika maisha ya mji huu, na hapa pako, kwa gharama ya lita chache za petroli.

Siku hiyo, kabla hatujafika Kasanje, tairi la nyuma lilianza kuyumba. Skuta ikawa nzito upande, mke wangu akaachia mafuta bila kushika breki, akaiacha ijisimamie yenyewe. Msumari. Hatukuwa tumesimama muda wa kutosha kuvua kofia ngumu, tayari mtoto wa shule alikuwa ameshakimbia kumwita fundi kwenye steji ya boda iliyo mbele. Kijana akaja na koleo, chupa ya maji ya sabuni na mfuko wa vipande vya mpira. Tairi halina tyubu. Akaung'oa ule msumari kwa koleo, akalichokonoa tundu kwa chuma chenye meno mpaka likawa safi, akachomeka kipande cha mpira kilichopakwa gundi, akakikata usawa wa tairi kwa wembe, akamwagia sabuni kuona kama kuna pumzi inayotoka. Hakuna povu. Pampu ya miguu, basi. Wakati anafanya kazi tuliletewa benchi, na mama mwenye nyumba iliyokuwa karibu akatoka na gonja, ndizi iliyochomwa, akapiga magoti kidogo kusalimu, akaketi nasi.

Nimekwama pia kwenye barabara kubwa, ile ya kasi. Huko gari linapita upande wako kama risasi, hakuna wa kumwomba maji, na unachofikiria ni kusogea mbali na ukingo usigongwe. Watu walioweka benchi kwetu walikuwa pale kwa sababu barabara bado inawaruhusu kuwa pale. Biashara ya gonja, steji, watoto wanaorudi shule, ng'ombe aliyefungwa kamba, vyote vinakaa ndani ya mita tatu za ukingo. Huo ndio usalama uliotuokoa siku hiyo, na haumo katika mchoro wowote wa mhandisi.

Kasanje ni kijimji cha soko na vumbi, na tuliponunua petroli ya kuongezea, mzee mmoja aliyekuwa kivulini alitusikia tukizungumza Kiswahili. Akasimama wima. "Karibuni, ndugu," akasema, kwa sauti ambayo hakika hakuipata shuleni. Alikuwa kijana kule Mpigi mwaka 1979, askari wa Tanzania walipokuwa wakija kutoka Masaka kupitia Lukaya, kabla ya kuingia Entebbe Aprili 7 na kuiteka Kampala siku chache baadaye. Waganda waliwaita Bakombozi, yaani wakombozi. Anachokumbuka zaidi ni jinsi walivyotembea: mistari miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, katikati pa barabara patupu. "Walikuja kwa miguu," alirudia, akimgeukia mke wangu ili ahakikishe amesikia. "Kutoka kwao mpaka hapa, kwa miguu."

Mabamba iko mbele kidogo, njia inashuka hadi inapoishia kwenye mafunjo. Hapo skuta inakaa chini ya mti na mnakodi mtumbwi. Kinamasi hiki kiliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya Kampala kuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa mkataba huo, na wageni kutoka kila pembe ya dunia huja kumwona ndege ambaye Waganda humwita bbulwe: mkubwa, wa rangi ya majivu, mwenye domo pana na zito, anayeweza kusimama kitambo kirefu bila kutikisa unyoya. Anavizia samaki aitwaye kambaremamba. Zamani wavuvi waliamini ukikutana naye hutapata samaki siku hiyo, wakawa wanamuua. Sasa vijana wa vijiji hivyo ndio waongozaji wanaowapeleka watu kumwona, na uhai wake umekuwa mlo wao. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi mitumbwi ile imejaa wageni waliotoka mbali na mtu wa Kampala hayumo, ingawa ametoka karibu kuliko wote.

Tulikula samaki ufukweni, ngege wa kukaanga. Kambaremamba hatukumgusa. Mke wangu ni wa ukoo wa Mmamba, na huyo ndiye mwiko wao; nami nikila mbele yake ni kama kumtukana shemeji. Basi.

Kurudi tulichukua kivuko cha Buwaya kwenda Nakiwogo, upande wa Entebbe. Kivuko kinabeba malori, boda zilizopakia mikungu ya matoke, wanafunzi, kuku waliofungwa miguu, na watu wote wanasimama pamoja kwenye sitaha moja wakitazama maji. Na Nakiwogo ndipo siku inapobadilika. Barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018 na kuanza kutozwa ada Januari 2022, haipokei pikipiki ndogo wala baiskeli. Sisi wa skuta tunabaki kwenye barabara ya zamani, kupitia Kisubi na Kajjansi, jioni ya Jumamosi, katikati ya teksi zinazokatiza kuchukua abiria, magari binafsi yanayowahi, na boda zinazopenya. Hapo mazungumzo yalikoma. Mke wangu alishika usukani kwa mikono miwili, mimi nikashika chuma, tukawa watu wanaotaka kufika tu.

Barabara hiyo ya zamani ina lami nzuri. Ina pia watu wanaokimbia kuivuka na mtoto mkononi, kwa sababu pa kuvukia hapaeleweki, na ina ukingo uliomomonyoka ambao mwenye baiskeli anasukumwa huko kila lori linapomfikia. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia. Waendesha pikipiki, abiria wao na watembea kwa miguu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya vifo hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Haihitaji chuo kulielewa: mwili wa binadamu haujabadilika tangu siku za Speke, mwendo ndio uliobadilika.

Na hapa ndipo changarawe inapotufundisha kitu. Barabara ya Kasanje, kwa ubovu wake, inamlazimisha kila mtu apunguze. Makunyanzi na mashimo yanafanya kazi ya trafiki. Siku lami itakapomwagwa, askari huyo ataondolewa, na kama hakuna aliyewekwa badala yake, lori la mchanga lililokuwa likipita kwa 20 litapita kwa 80 mbele ya benchi lile lile, mbele ya shule ile ile, na mtoto yule yule aliyekimbia kutuitia fundi. Nimeliona likitokea mahali pengine Wakiso. Mwaka wa kwanza watu wanashangilia, nauli inapungua, kila mwenye duka anapaka rangi. Halafu kunaanza misiba, mmoja mmoja, na kijiji kinakwenda kuomba matuta. Matuta yanakuja baada ya mazishi.

Si lazima iwe hivyo. Februari 2020, mjini Stockholm, mawaziri na wajumbe kutoka nchi nyingi walikubaliana kwamba mahali magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na Agosti mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo. Uganda yenyewe ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012. Katikati ya Kampala, Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum vilitengenezwa upya kwa kuzingatia wanaotembea na wenye baiskeli, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wahandisi wetu hawajui. Wanajua. Shida ni kwamba mkataba wa barabara ya mashambani unapimwa kwa kilomita za lami, na njia ya miguu haiingii kwenye hesabu ya kilomita. Fedha zikipungua, inayokatwa kwanza ni njia ya miguu, kisha mtaro uliofunikwa, kisha miti.

Nataka iwe kinyume, na nataka ianzie Kasanje. Kila penye soko, shule, kituo cha afya au steji, barabara ibanwe na iinuliwe ili dereva apunguze hata kama hasomi kibao. Pembeni iwepo njia iliyotenganishwa na magari, yenye upana wa kutosha baiskeli iliyobeba mikungu na mama aliyebeba ndoo wapishane. Mifenesi na mivumo iliyo ukingoni ipimwe kwanza, barabara ipinde inapowezekana, kwa maana kivuli kile ndicho kinachomwezesha mtu kutembea saa saba mchana. Mamlaka ya Barabara za Taifa ilivunjwa na kazi zake zimerudi Wizara ya Ujenzi, kwa hiyo anayepaswa kuulizwa anajulikana. Halmashauri ya Wakiso nayo ina mdomo. Na wabunge wanaopenda kusimama mbele ya greda siku ya uzinduzi wasimame pia siku michoro inapojadiliwa, kabla haijatiwa saini.

Yule mama wa gonja nilimuuliza anataka nini, wakati fundi akijaza upepo. Hakusita. Anataka lami, alisema, kwa sababu kifua cha mwanawe kimechoka na vumbi. Na anataka tuta pale, akanyoosha kidole kwenye kona iliyo mbele ya shule, na jingine kule juu, kwa sababu lori likishuka kilima halisimami. Alitaja pia mahali pa kuweka meza yake ambapo hatafukuzwa. Kisha akamwelekea mke wangu wakaanza kuzungumzia bei ya skuta, ni mitungo mingapi ya gonja mtu angeuza kuipata, na kama mguu wa mtu mfupi unafika chini.

Kwa mtakaokwenda: jazeni tenki Nateete, bebeni koti la mvua hata kama anga ni safi, kofia ngumu mbili na si moja, na pesa ndogondogo za noti kwa ajili ya mtumbwi na fundi. Anayekaa nyuma akae kwa kutanua miguu. Ulizeni muda wa kivuko mapema, na mkikikosa, njia ya kurudi kupitia Mpigi ipo. Mkigeuka kidogo kuelekea Masaka mtafika Mpambire, ambako mafundi wa ngoma huchonga magogo na kuwamba ngozi za ng'ombe kando ya barabara kuu. Ndani zaidi, katika eneo la Mawokota, kiko kijiji cha Nsangwa, ambako mafundi wa ukoo wa Ngonge bado wanagonga magome ya mtuba kutengeneza nguo ya olubugo, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Huko sisi hatujafika bado. Mke wangu amekwisha kuulizia njia, na anasema baada ya mvua za Mei itapitika.